Tuliunda kamati ili binti yetu aingie udaktari, nami nikaishia kuamriwa nibaki garini

Wakuu, nawasalimu kwa heshima, mlio nyumbani na mlio ughaibuni.

Juzi mwanajukwaa mmoja aliuliza humu mtoto wake afanye shughuli zipi nje ya masomo ili maombi yake ya kusomea udaktari yawe na uzito. Majibu yalikuwa mengi na mazuri, ila mengi yalitoka kwa watu ambao jambo hili hawajalipitia. Mimi nimelipitia. Nitalieleza kama lilivyokuwa. Majina nimeyabadilisha na chuo sitakitaja, lakini yaliyobaki ni kweli tupu, hata pale ambapo ukweli haunipendezi.

Ni habari ya katikati ya miaka ya 2010. Tulikuwa tunaishi Toongabbie, hapa Sydney, na mpaka leo tupo. Mimi nilisomea uchumi Dar, na kazi yangu ni ya ofisini. Mke wangu, Mama Atu, ni nesi. Binti yetu wa kwanza ni Atupele, sisi tunamwita Atu. Wakati huo alikuwa darasa la kumi na moja.

Atu alikuwa na alama nzuri, na udaktari aliutaka mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna watakaokuja kuniambia nilimlazimisha. Hapana. Kama ningemlazimisha, angesomea uchumi.

Sasa, aliyetutia hofu alikuwa Mama Kendi.

Mama Kendi ni Mkenya, nesi mwenzake Mama Atu, na kijana wake alikuwa ameshaingia udaktari. Kwa jamii yetu hapa hilo lilimpa cheo kinachokaribia uaskofu. Alikuja nyumbani kunywa chai, akamwona Atu anasoma chumbani, akatikisa kichwa.

"Baba Atu, hapa marks peke yake hazikusaidii," akaniambia. "Hawa watu wanataka mtoto ako na life. Nyinyi huyu mmemweka ndani kama vyombo vya wageni."

Nikamuuliza life hiyo inapatikanaje. Akanihesabia: kujitolea, michezo, muziki, uongozi. Extracurricular activities. Akalitamka neno hilo polepole, kama mtu anayemsomea mgonjwa jina la dawa.

Wakuu, niwe mkweli. Kwetu Tukuyu shughuli ya nje ya masomo ilikuwa kukata majani ya ng'ombe, na hakuna chuo kilichowahi kuniuliza juu yake. Lakini usiku ule tulikubaliana na Mama Atu kwamba mtoto hatakosa nafasi kwa ushamba wetu.

Tukafanya kile ambacho watu wetu hufanya kila wanapokabiliwa na jambo kubwa. Tukaunda kamati.

Msicheke. Mnajua wenyewe kwamba sisi hatuwezi kuoza, kuzika wala kumpokea mgeni bila mwenyekiti, katibu na kundi la WhatsApp. Jumapili moja baada ya ibada, sebule yetu ikajaa. Mama Kendi akawa mwenyekiti. Mjomba Ambakisye, kaka yake Mama Atu, anayefanya kazi kwenye ghala moja kule Villawood, akajiteua mshauri. Tofauti na kamati ya harusi, hapa watu hawakuahidi fedha. Waliahidi vyeo.

Papa Byamungu, Mkongomani wetu mpole anayeongoza kwaya, alisimama wa kwanza.

"Mutoto atakuwa responsable wa chorale ya vijana," akasema.

Nikamwambia kwamba Atu haimbi.

"Sauti itakuya, Papa Atu. Tuanze na cheo."

Mpaka chai inaisha, binti yangu alikuwa kiongozi wa kwaya asiyeimba, mpiga violini asiye na violini, nahodha msaidizi wa timu ya netiboli ambayo haijawahi kucheza, na mwenyekiti wa umoja wa vijana ambao wanachama wake wengi walikuwa wadogo zake. Mwenyewe alikuwa jikoni anaandaa sambusa. Aliitwa kupewa taarifa ya maisha yake, akapiga goti kidogo, akasema asante, akarudi jikoni. Wajumbe wakamsifu sana kwa adabu.

Hiyo adabu ndiyo habari yenyewe. Naomba mnivumilie.

Shughuli moja tu kati ya zote ilikuwa na watu wa kweli ndani yake: kujitolea kila Jumamosi asubuhi kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee, upande wa Guildford. Mama Kendi aliifahamu, akampeleka Atu kwa msimamizi wa wanaojitolea, mama wa Kiaustralia aitwaye Heather. Kazi ilikuwa nyepesi kuielezea: kuwapa wazee chai, kukaa nao, kuzungumza nao.

Kwa kuwa Atu hakuwa na leseni, dereva nilikuwa mimi. Na kwa kuwa kurudi Toongabbie kisha kumfuata tena ni usumbufu, nikawa namsubiri ndani, kwenye kiti cha korido.

Wakuu, niambieni ukweli. Mtu aliyelelewa kwetu anawezaje kukaa koridoni wazee wakipita mbele yake na asiwasalimie?

Nilimsalimia wa kwanza. Nikamuuliza ameamkaje, na usingizi ulikuwaje, na watoto wanaendeleaje. Yule mzee alisimama na kigari chake cha kutembelea akanitazama kama mtu aliyeona mvua baada ya kiangazi. Kumbe alikuwa hajaulizwa habari za watoto wake kwa muda mrefu. Aliziongea mpaka chai ikapoa.

Wiki iliyofuata walikuwa watatu wananisubiri. Baada ya mwezi nilikuwa na kiti changu katika ukumbi wao, na mpinzani wangu wa drafti, Mzee Kostas, Mgiriki mjane aliyefanya kazi ya upakaji rangi ujana wake wote. Tuligombana kila Jumamosi. Kingi wa kwao hutembea hatua moja kama ana baridi yabisi, wa kwetu hupaa kutoka kona hadi kona. Mzee Kostas alidai kwamba nimekuja na sheria za msituni. Nikamjibu kwamba kingi asiyeweza kutoka nje ya mtaa wake huyo ni balozi wa nyumba kumi tu. Ilinibidi nimweleze balozi wa nyumba kumi ni nani. Alifurahi sana.

Na Atu?

Atu alikuwa pale pale kwenye kitoroli cha chai. Amenyooka, mikono nyuma, macho chini, anasubiri kutumwa. Akitumwa, anakwenda haraka na anarudi haraka. Akiulizwa, anajibu kwa upole. Asipoulizwa, hasemi. Nilimtazama kwa mbali nikajisemea, hakika tumelea.

Mwaka ulipokaribia kuisha, Mama Kendi akatukumbusha tumwombe Heather awe mtu atakayemsemea Atu. Nikaenda na Atu ofisini kwa Heather, nimevaa koti.

Heather alinipokea kama ndugu. Alinisifu kwa dakika nyingi. Alisema wazee wananiita mtu wa Jumamosi, na kwamba Mzee Kostas huvaa shati la kola siku hiyo tu. Akaniuliza kama ningependa kuandikishwa rasmi kuwa mmoja wa wanaojitolea.

Nikamshukuru, nikamrudisha kwenye hoja. Na binti yangu?

Akaanza kwa upole ule wa Waaustralia unaotangulia habari mbaya. Alisema Atu ni msichana mzuri, hachelewi, hana makosa. Halafu akasema, "Lakini nikiulizwa yeye ni mtu wa namna gani, sina la kusema. Bado simjui. Kila wakati anasubiri."

Atu alikuwa amekaa kando yangu. Macho chini.

Hapa nisimame kidogo kwa faida ya yule aliyeuliza swali. Vyuo vingi vya huku, kwa jinsi tulivyovikuta sisi, havikupimi kwa wingi wa vyeti vya shughuli. Kwanza ni alama za shule, kisha mtihani maalumu wa kuingilia udaktari, kisha usaili. Na usaili wenyewe ni wa vyumba vyumba. Unaingia chumba hiki, unapewa mkasa, unazungumza na mtu, kengele inalia, unaingia kingine. Ni ndani ya vile vyumba ndipo shughuli zako zinapoonekana kama zilikugusa au zilikupita. Mtoto anayesubiri kutumwa anatoka kule bila kufahamika. Alama zake haziwezi kumsemea.

Kwa hiyo maneno ya Heather yalikuwa ni hukumu iliyotangulia kesi. Tulikuwa na mwaka mmoja.

Tukaingia garini. Mimi nikaanza hotuba. Nilimwambia inabidi achangamke, aanzishe mazungumzo, awaangalie watu machoni. Watoto wetu wa huku mnawajua, unamsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, kwa hiyo maneno yake nawatafsiria.

Alisubiri nimalize. Kisha akasema, "Baba, wewe ndiye uliyenifundisha nisiongee mpaka mkubwa aniongeleshe."

Nikasema kule ni kule na nyumbani ni nyumbani.

"Hakuna aliyeniambia hivyo. Na hata nikitaka kuongea, naongea na nani? Wewe unawamaliza wote."

Tulikuwa kwenye taa nyekundu, nikajifanya ninaiangalia sana.

"Ninataka hii kazi, Baba. Naomba ubaki garini."

Wakuu, nimeongozwa na wakurugenzi, na niliwahi kuwa na mwenye nyumba Sinza aliyenifokea mbele ya wapangaji wenzangu. Hakuna amri iliyowahi kunigusa kama ile. Na ilikuwa mara ya kwanza mwanangu kuniomba jambo huku ananitazama machoni. Nilikaribia kumkemea. Ulimi ulishafika kwenye meno. Kisha nikagundua kwamba nilichotaka kukikemea ndicho nilichotoka kukihubiri.

Nikabaki garini.

Jumamosi za kwanza zilikuwa ngumu. Nilisoma magazeti, nikasafisha dashibodi, nikapanga upya vitu vya kwenye buti. Mzee Kostas alijikokota mpaka dirisha la kioo akanionyesha ubao wa drafti kwa mbali, kama mke anayemwonyesha mume mlevi chakula kilichopoa. Nikampungia mkono. Ndani nilimwona Atu bado amesimama kwenye kitoroli. Kisha Jumamosi moja nikamwona amekaa. Nyingine nikamwona Mzee Kostas anamwonyesha kidole, wanabishana. Sikujua wanabishana nini na nilikatazwa kuuliza.

Kamati nayo haikulala. Usaili ulipokaribia, Mama Kendi aliamuru ufanyike usaili wa majaribio sebuleni kwetu, kila mjumbe achukue nafasi yake. Kilichofanyika kilifanana zaidi na siku ya posa. Wazee walijipanga kwenye makochi, mtoto akasimamishwa katikati, na kila mmoja alitaka kuuliza swali refu kuliko jibu.

Mjomba Ambakisye alipewa nafasi ya mgonjwa mkaidi anayekataa dawa. Aliipokea kwa furaha, akajifunika kanga ya dada yake na kulala nusu nusu kwenye kochi.

Atu akasimama mbele yake, macho chini.

"Mwangalie," Mama Kendi akasema.

Atu akamwangalia.

"Ebu, mbona mtoto ananikazia macho?" Mjomba akalalamika. Sebule yote ikacheka. Papa Byamungu akapendekeza kwamba aangalie paji la uso, iwe katikati ya adabu na usaili. Wakajadili hoja hiyo kwa uzito wote.

Walipotulia, Mjomba akaanza maigizo. Hataki dawa. Madaktari ni waongo. Vidonge ni vikubwa kama korosho. Mwili ni wake. Alisema na kusema, watu wakifuta machozi kwa kicheko. Atu hakumkatiza, wala hakumjibu. Alivuta kigoda akakaa karibu naye, chini kidogo ya uso wake. Kisha akasema kwa Kiswahili, kile chake chenye lafudhi ya Sydney:

"Mjomba, unaogopa nini?"

Kicheko kikakatika.

Mtoto wa kwetu hamuulizi mjomba wake anaogopa nini. Hata sisi wakubwa hatuulizani hivyo. Mama Atu alishajiweka sawa kwenye kiti ili amkaripie, nikamgusa mkono.

Mjomba alikuwa na nafasi ya kufanya mzaha. Nilimwona anautafuta. Halafu akaishusha ile kanga.

"Marehemu kaka yetu alianza hivi hivi," akasema. "Alipoanza kumeza vidonge vya presha ndipo alipoanza kwisha."

Hapo wote tukajua kwamba maigizo yamekoma. Mjomba ana presha. Dada yake, nesi, alikuwa anamkumbusha vidonge kila Jumapili, naye kila Jumapili alikuwa anasema ndiyo.

"Wewe uliacha lini?" Atu akauliza, taratibu tu.

"Tangu Pasaka."

Mama Atu akafunika mdomo. Atu hakumgeukia mama yake wala hakumpa Mjomba somo. Alimuuliza marehemu alikuwa anajisikiaje kabla ya kuanza dawa, kama kuna anayekumbuka. Mjomba akafikiri. Akasema kwamba kwa kweli alikuwa ameshaanza kuumwa muda mrefu kabla, ila alificha. Kisha Atu akamuuliza kama atakubali kwenda kwa daktari, na angependa aende na nani.

"Nitakwenda na wewe," Mjomba akasema. "Mama yako ana kelele."

Katibu alikuwa na kazi ya kupiga kengele kwa simu yake. Ililia wakati gani, hakuna ajuaye.

Usaili wenyewe ulifika. Nilimpeleka, na safari hii sikuhitaji kuambiwa. Nilikaa garini mwenyewe. Alipotoka nilimuuliza swali moja tu, kwamba imekuwaje. Akasema, "Sawa." Kwa lugha ya vijana hilo linaweza kuwa msiba au harusi.

Tulisubiri mpaka likizo ya Krismasi ikapita. Mama Atu alipunguza uzito. Mimi niliota ndoto ambazo sitaziandika. Nafasi za kwanza zilipotangazwa hakupata, na siku ile nyumba yetu ilikuwa na ukimya ambao Mama Kendi alikuja na sufuria la pilau kuukabili. Atu alikula, akaosha vyombo, akasema atajaribu tena mwaka unaofuata. Alisema kwa uso mkavu. Nilimsikia baadaye bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa bure.

Mzunguko wa pili wa nafasi, wiki chache baadaye, ukamchukua. Chuo kilikuwa mbali na Sydney, lakini kilikuwa ni udaktari.

Kama ada, kamati ikavunjwa kwa sherehe. Kila mjumbe alisimama akaeleza kwa nini shughuli yake ndiyo iliyomwingiza mtoto. Papa Byamungu alisema ni kwaya. Wa netiboli akasema ni netiboli. Mama Kendi aliwasikiliza wote kwa huruma ya mtu anayejua kwamba ni yeye.

Ndipo mmoja akamtaka Atu mwenyewe aseme aliulizwa nini. Akasimama. Alisema kwaya haikuulizwa, netiboli haikuulizwa, wala violini aliyokuwa amepangiwa na haijanunuliwa. Katika chumba kimoja walimtaka aeleze siku moja alipolazimika kumwambia jambo gumu mtu anayemheshimu.

Macho yote yakamwendea Mjomba. Mjomba naye akajiweka vizuri kitini, kama mtu anayesubiri kutunukiwa.

"Sikusema habari za Mjomba," Atu akasema. "Ile ni ya Mjomba. Niliwaambia jinsi nilivyomwambia Baba abaki garini."

Watu walicheka mpaka majirani wakachungulia. Mama Atu aliegemea ukuta. Mimi nilicheka pia, baada ya kuhakikisha kwamba sina namna nyingine.

Lakini nilipomtazama Mjomba, yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama yule mtoto. Akainamisha kichwa mara moja, jinsi tunavyowainamia wakubwa.

Kabla hamjaniuliza: habari ya Mjomba nimeiandika kwa ruhusa yake. Nilimpigia simu nikaomba. Amekubali kwa sharti niongeze kwamba vidonge anameza, na kwamba havikuwa vikubwa kama korosho, alitia chumvi.

Nilichojifunza, wakuu, nakisema kwa unyenyekevu. Mtafutie mtoto shughuli moja yenye watu ndani yake, kisha umpishe. Vyeo tulivyomgawia vilikuwa vyetu, vya kutuliza hofu yetu. Na adabu tuliyomfundisha siijutii. Alipokaa kwenye kile kigoda, chini ya uso wa mjomba wake, ilikuwa ni adabu ile ile. Tulichosahau ni kumruhusu aulize.

Sasa jukwaa ni lenu. Mliopeleka watoto udaktari, huku au nyumbani, semeni ni shughuli gani iliwasaidia kweli. Mnaoona nimemdekeza mtoto kwa kukubali kuamriwa, nanyi semeni bila kunionea haya. Ninawasoma nikiwa kwenye maegesho ya magari. Mdogo wake Atu ameanza kujitolea mwezi huu.